Mali Bila Daftari

Giza linapotanda Kolwezi, kusini mwa Kongo, baiskeli hutangulia watu kuingia ndani. Katika lupango moja baada ya nyingine, yaani nyumba na uwanja wake, huko Manika na Dilala, chakula kikishaliwa na vyombo kukusanywa, gurudumu la mbele huinuliwa juu ya kizingiti, hendeli hupindwa ili ipenye mlangoni, kisha kinga, kwa jina walilozoea watu wa Katanga, huegemezwa ukutani ndani ya chumba ambacho tangu hapo kilikuwa hakiwatoshi wenyewe. Mnyororo hupitishwa kwenye fremu na kuzungushwa mguu wa kitanda, kufuli hubanwa, ufunguo hufichwa chini ya mto. Mtoto hukunja miguu asiguse pedeli. Tope la barabara ya Nzilo hukaukia sakafuni, na harufu ya makala (makaa ya kupikia), ya samaki wa ziwani au ya vumbi la mawe huchanganyika na pumzi za waliolala. Ukitaka kujua nyumba inathamini nini, tazama inalala na nini. Na ukitaka kujua inaogopa nini, tazama imekifunga wapi.

Hofu hiyo si ya bure. Malori ya shaba na kobalti yanayopita kuelekea Likasi, Lubumbashi na mpaka wa Kasumbalesa hubeba utajiri wa nchi, lakini maisha ya kila siku ya mkoa wa Lualaba hubebwa na magurudumu mawili. Makala yanayopikia chakula cha mji hutoka kwenye misitu ya miombo juu ya keria, magunia yamepangwa hadi kupita kimo cha mtu, mwenye mzigo akisukuma kwa sababu hapakubaki pa kukaa. Mahindi hufika hivyo, mihogo hivyo, samaki wa bwawa la Nzilo hivyo, na mawe ya wachimbaji wadogo nayo yametembea sana hivyo hadi kwa wanunuzi pale sokoni Musompo. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilipopunguza wafanyakazi wake mwaka 2003 na 2004, watu zaidi ya 10,000 waliiacha kampuni iliyokuwa imewapa, wao na wazazi wao, nyumba, shule, hospitali na unga. Kwa kaya za namna hiyo, kazi iliyobaki ni ile ambayo mtu anaweza kuisukuma mwenyewe barabarani. Mwenye baiskeli hufika shambani na kurudi siku hiyo hiyo. Akiibiwa, shamba liko pale pale, ila limekuwa mbali.

Na historia ina deni lake hapa. John Boyd Dunlop alipopata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888, baiskeli iligeuka kuwa raha ya Ulaya, na kiu ya mpira ikapanda. Sehemu ya mpira huo ilikamuliwa kwa bunduki na mjeledi kutoka kwenye mitambazo ya misitu ya Kongo, ndani ya dola ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji, mpaka dunia ilipopiga kelele na Ubelgiji kuitwaa nchi kuwa koloni mwaka 1908. Huku kusini, mwaka 1891, msafara wa kikoloni wa Stairs uliotokea Zanzibar ulifika Bunkeya kwa mfalme Msiri ukiwa umebebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, na kabla mwaka haujaisha Msiri alikuwa ameuawa. Nchi hii imelipia matairi ya wengine kwa damu, na njia zake zimeona shingo za watu zikipindishwa na mizigo ya wageni. Kwa hiyo baiskeli iliyo mkononi mwa mkulima wa Lualaba, hata ikiwa ya Kichina au ya Kihindi, hata foku yake ikiwa imeungwa mara kadhaa, ni ushindi uliochelewa. Anayeiiba anamrudishia mwenzake mzigo kichwani.

Basi nyumba hujilinda kwa kile ilicho nacho. Busara za kawaida zinajulikana, nazo ni za kweli. Mnyororo upite kwenye fremu, usiishie kwenye gurudumu, kwa maana gurudumu hufunguliwa kwa spana moja na fremu ikaenda zake. Kinachofungiwa kiwe kizito au kimezikwa: pete ya chuma iliyomiminiwa zege sakafuni inaushinda mguu wa kitanda, na mguu wa kitanda unaishinda fremu ya mlango iliyoliwa na mchwa. Kufuli lining'inie, lisilale chini, maana likilala sakafuni limepata fuawe ya kugongewa nyundo. Baiskeli isionekane kutoka dirishani. Anayeweza huchomoa tandiko au gurudumu la mbele na kuliweka chumba kingine, ili mgeni wa usiku akute chombo kisichoendeka. Lakini ukuta wa tofali bichi hulainika kwa ndoo ya maji na kutobolewa kimya kimya. Bawaba zilizopigwa upande wa nje hung'olewa bila kufuli kuguswa. Na kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua ikipiga mabati, hata mbwa hasikii. Mwanga ungesaidia, na hapa moyo unauma. Bwawa la Nzilo lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 ili kuipa nguvu Union Minière, kampuni ya madini ya enzi ya ukoloni. Mwaka 1982 njia ya umeme ya kilomita 1,700 hivi ilifika Kolwezi kutoka bwawa la Inga kwa ajili ya migodi na viwanda vyake, ikipita juu ya vijiji ambavyo haikuwasha hata taa moja. Nchini Kongo leo ni kama mtu mmoja tu kati ya watano anayepata umeme. Watu wanaokaa chini ya nyaya hizo hulinda baiskeli zao kwa kurunzi.

Hizi zote ni mbinu za mtu mmoja dhidi ya usiku. Wakongo wana kifungu chao cha 15, ile sheria ambayo haimo katika katiba yoyote lakini kila mtu anaijua kwa moyo: jipange mwenyewe, hakuna atakayekuja. Kimewaokoa wengi katika miaka ambayo mishahara haikufika. Kwenye ulinzi, hata hivyo, kifungu hicho kina kasoro, kwa kuwa kinamfanya kila mmoja ainue ukuta wake hadi jirani asione tena kinachotendeka upande wa pili. Mtaa wa Kasulo, huko huko Kolwezi, ulionyesha jambo hili kwa namna ya kutisha. Tangu mwaka 2014, ilipojulikana kuwa chini ya nyumba za mtaa huo kumelala kobalti nyingi, watu walichimba mashimo ndani ya lupango zao na hata chini ya sakafu walizolalia, nyuma ya kuta na maturubai, mpaka mwaka 2017 kaya nyingi za sehemu moja ya mtaa zikahamishwa na eneo likazungushiwa uzio. Mahali ambapo kila nyumba ina siri chini ya kitanda, watu huacha kuulizana maswali. Na watu wakiacha kuulizana maswali, baiskeli inayosukumwa saa tisa usiku na mtu asiyefahamika hupita mlango hadi mlango bila yeyote kukohoa.

Kwa hiyo nashikilia kwamba baiskeli hulindwa zaidi na kujulikana kuliko na kufungwa. Kufuli humchelewesha mwizi. Kinachomvunja moyo ni kukosa mnunuzi. Mwizi haibi ili apande. Anaiba auze, tena auze upesi kabla habari hazijaamka. Akishavuka mtaa, baiskeli inakwenda mahali ambapo ndani ya saa chache itakuwa haipo tena: gurudumu limeingia kwenye baiskeli hii, hendeli kwenye ile, fremu imepakwa rangi mpya. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu mmoja. Inamtaka mwenye spana, inamtaka mwenye rangi, na inamtaka mwenye fedha anayeiona bei kuwa ndogo mno na akaamua kutouliza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo tumezoea kuwasomea wafanyabiashara, lakini inamgusa mwenye baiskeli moja kuliko mwenye duka, maana mwenye duka akiibiwa kitu kimoja amebaki na vingine vya kumlisha.

Sheria yenyewe, ukiisoma vizuri, inaegemea upande wa aliyeibiwa. Kanuni ya adhabu ya Kongo ya mwaka 1940 inaupa wizi wa kawaida kifungo kisichozidi miaka 5; lakini ukifanywa kwa kuvunja, kwa kuruka ukuta, kwa funguo bandia, au usiku katika nyumba inayokaliwa na majengo yanayoambatana nayo, kifungo kinaweza kufika miaka 10. Aliyeiandika alitambua kuwa mtu anayeingiliwa usiku amejeruhiwa mara mbili, kwenye mali na kwenye usingizi. Hata hivyo, sheria ya kiraia iliyorithiwa kutoka Ulaya inaanza na dhana kwamba kitu kinachohamishika ni cha aliyenacho mkononi, kisha inampa aliyeibiwa miaka 3 ya kukidai, mradi athibitishe. Athibitishe kwa nini? Aliyemuuzia barabarani hakuandika risiti. Namba iliyogongwa kwenye fremu haikunakiliwa. Picha haikupigwa. Mbele ya polisi anaweza kusema tu kwamba ni nyeusi na ina keria nzito, katika mji uliojaa baiskeli nyeusi zenye keria nzito. Miaka 10 imeandikwa kitabuni, lakini haina pa kushika.

Kinachonishangaza ni kwamba ipo miji michache duniani iliyoulizwa habari za asili ya mali kama Kolwezi ilivyoulizwa. Januari 2016 mashirika ya haki za binadamu Amnesty International na Afrewatch yalitoa ripoti iliyoifuata kobalti kutoka mikononi mwa wachimbaji wadogo, watoto wakiwemo, hadi kwenye betri za kampuni kubwa za simu na magari. Mwongozo wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi, unaomtaka mnunuzi wa madini aichunguze njia nzima ya bidhaa ulikuwa umeshatoka mwaka 2011. Mwaka 2019 serikali ya Kongo iliunda kampuni ya Entreprise Générale du Cobalt ili kobalti ya wachimbaji wadogo inunuliwe kwa mlango unaojulikana. Wanunuzi wa mbali sasa wanataka kujua jiwe limetoka shimo gani na limepita kwa nani, na pale Musompo gunia hupimwa uzito, kisha jiwe huelekezewa kifaa kiitwacho Metorex kisome kiasi cha madini yaliyomo. Mtu anaweza kubishana kama maswali hayo huulizwa kwa dhati, na ubishi huo una haki yake. Lakini kanuni iliyo nyuma yake ni safi: anayenunua anawajibika kujua. Ikiwa inamfunga mwenye kiwanda cha magari huko Ulaya, haina sababu ya kumsamehe fundi baiskeli aliyekaa kivulini huko Kapata, wala kijana anayenunua tairi bila kutazama lilikotoka. Gunia lina bei, uzito na asilimia zake. Baiskeli iliyolibeba haina hata jina.

Nchi nyingine zimelifikia wazo hili kwa njia zao. Denmark imedai namba ya fremu kwa kila baiskeli inayouzwa tangu mwaka 1942, Japani ilifanya usajili kuwa wa lazima mwaka 1994, na Ufaransa tangu Januari 2021 inawataka wauzaji waiwekee alama kila baiskeli mpya. Hakuna hata moja iliyomaliza wizi. Namba haiuzuii mkono wa mwizi. Huyafanya mauzo yawe magumu, na hilo ndilo linalotafutwa. Kolwezi haihitaji mitambo ya Copenhagen ili ianze. Inahitaji daftari kwenye meza ya kiongozi wa mtaa, kalamu, na desturi. Namba inakiliwe kutoka chini ya fremu karibu na ekseli ya pedeli, pale panapofunikwa na tope na grisi. Isipokuwapo namba, ipo nafasi ambayo Ulaya haina: karibu kila baiskeli ya mizigo katika nchi hii hupita kwa mchomeleaji ili keria na foku viongezwe nguvu kwa vipande vya nondo, na mkono unaochomelea keria unaweza kuacha herufi za mwenyewe na za mtaa wake kwa gharama isiyofika ya kikombe cha chai. Kipande cha karatasi chenye jina, kilichofungwa kwenye plastiki na kusukumwa ndani ya bomba la tandiko, huenda pamoja na mwizi bila yeye kujua. Simu inaweza kuhifadhi picha. Tanzania ilikuwa na balozi wake wa nyumba kumi, na huko Kivu mpango wa Nyumba Kumi unafahamika vizuri. Wazo la kwamba kaya chache zinaweza kujuana kwa majina na mali si geni kwa watu wanaosema lugha hii.

Atakuwepo wa kusema kwamba namba itasagwa kwa tupa. Ni kweli, nacho chuma kilichosagwa mahali pa namba kitasema chenyewe kwa fundi yeyote mwenye macho. Mwingine atasema kikulacho ki nguoni mwako: jirani unayemwonyesha alama ndiye atakayekuja usiku, au atamtuma mwenzake. Pingamizi hili lina uzito, kwa sababu mara nyingi anayeingia ndani anajua mlango uko wapi na mbwa analala upande gani. Lakini jirani huyo anajua tayari. Anaiona baiskeli ikitoka alfajiri na kurudi jioni, anajua siku mwenyewe anaposafiri. Kumficha hakupunguzi anachokijua, kunapunguza wajibu wake tu. Akiandikwa shahidi kwenye daftari, mkono wake ukiwa chini ya namba, ujuzi wake umegeuka dhamana.

Linalonitia wasiwasi kweli ni serikali. Ubelgiji, mtawala wa zamani, kwa miaka mingi iliitoza baiskeli kodi na kumpa mwenyewe kibati cha kuonyesha amelipa, na mtu wa Lualaba anayesimamishwa kwenye kizuizi hiki na kile ana haki ya kuiogopa namba: leo inaandikwa, kesho kuna stakabadhi, keshokutwa kuna faini. Woga huo naona una msingi mzito kiasi kwamba daftari likipita mikononi mwa mtoza kodi litakufa, na litastahili kufa. Likae mtaani, kanisani, au kwa chama cha wasukuma mizigo wenyewe, na lifunguliwe pale tu mwenye mali au mtuhumiwa anapoomba. Polisi waje kulisoma kukiwa na kesi, wasilibebe.

Kuna pia sauti ya huruma inayouliza kwa nini tujishughulishe na baiskeli katika mkoa ambamo utajiri mkubwa huondoka kwa malori kila siku, na kwa nini tumwandame kijana mwenye njaa aliyeiba kipande cha chuma. Naiheshimu sauti hiyo, ila inamtazama mtu mmoja na kumsahau mwingine. Tajiri wa Kolwezi hasukumi baiskeli. Ana gari ndani ya ukuta wenye nyaya, na mlinzi getini. Baiskeli inapoibwa, inatoka kwa mwenye njaa kwenda kwa mwenye njaa, na katikati kuna mnunuzi aliyeshiba kidogo. Njaa ya mwizi ni ya kweli na inadai kazi, ardhi na mishahara. Haidai mguu wa jirani.

Limebaki neno la moto. Katika miji mingi ya Kongo, anayepigiwa kelele ya mwizi usiku huenda asione asubuhi. Umati hufika na mawe, na mara nyingine na petroli na tairi, na wapo wanaoamini kuwa hofu ya kifo hicho ndiyo ulinzi wa kweli, kwa kuwa kituo cha polisi kiko mbali na mahakama iko mbali zaidi. Hawa hawapuuzwi kwa kuhubiriwa, wamechoka kuibiwa. Lakini umati haumchomi mwizi, unamchoma aliyekimbia, au aliyekutwa amesimama, au mgeni asiyejua kujibu kwa lugha ya mtaa. Wanaobeba makala huondoka kabla ya alfajiri ili walikute soko, na hivyo mtu mwenye baiskeli saa tisa usiku anaweza kuwa ndiye mchapakazi kuliko wote waliolala. Hana cha kuonyesha, kwa kuwa hakuna palipoandikwa. Hata mnunuzi aliyeiweka mali ile sokoni hayumo ndani ya duara la moto; yuko kwake, amelala. Daftari likiwapo, kuna mtu wa kutumwa mbio mlangoni kwa kiongozi wa mtaa, na kuna kitu cha kufanya kabla ya jiwe la kwanza: kuinama, kufuta tope chini ya fremu na kusoma. Namba ikiwa ya mwingine, mwenyewe ataitwa, baiskeli itabaki nzima kama ushahidi, na ile miaka 10 ya sheria itapata pa kushika, pamoja na swali la nani alikuwa anasubiri kuinunua. Namba ikiwa yake, aliyemwitia mwizi atamsaidia kuunyanyua mzigo aendelee na safari.